Mwaka Tuliopima Hewa ya Kisima

Dada Saada tulimzika Bariadi mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, na jioni yake nikakaa ukumbini kwao pamoja na wanawake wa familia nikisikiliza wakimsifu. Walisifu pilau yake. Walisifu ukarimu wake, duka la vitambaa alilolishika baada ya baba yake, na namna alivyosomesha watoto wasiokuwa wa kwake. Yote yalikuwa kweli, lakini nilikaa pale nikiona kama wanamzungumzia mtu mwingine, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaja gesi. Mjukuu wake anayesoma sayansi ndiye aliyenisogelea na sahani ya tende, akaniuliza kama ni kweli bibi aliwahi kufanya kazi na mashine. Nilimwambia kwamba bibi yake alikuwa anaitenganisha hewa hii tunayoivuta, sehemu kwa sehemu, na kila sehemu aliijua kwa jina na kwa kiasi chake. Alinitazama kama ninamtania. Nimeandika sura hii kwa ajili yake. Au niseme kweli, nimeiandika zaidi kwa ajili yangu, kwa kuwa mwaka ule ndio ulionifanya niwe nilivyo, na nimefika umri wa kujisifu bila kuona haya.

Wakati ule Bariadi ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na mkoa wa Simiyu hakuna aliyeuota. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Mradi ulioniajiri ulikuwa unajenga mitambo ya biogesi: samadi ya ng'ombe na makapi ya mbegu za pamba yanaozeshwa ndani ya shimo lililofunikwa, na gesi inayotoka inawasha jiko. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jinari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, chumba kilichokuwa zamani stoo ya magunia. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe zilipita chini ya mlango na kutanda sakafuni, na kila asubuhi kabla ya kitu kingine nilifagia, nikapangusa meza kwa kitambaa chenye maji, nikafunika mizani. Dada Saada alikuwa hataki kuona uzi hata mmoja. Alikuwa amenipita kwa miaka kama kumi, mrefu, mtaratibu, ushungi wake umebanwa kwa pini nyuma ili usiguse kitu. Alisomea kazi hiyo Dar es Salaam, na alirudi nyumbani wakati wenzake wote walibaki huko.

Mashine yenyewe tuliiita jisii, kwa herufi mbili za jina lake refu la Kiingereza. Ukiiona ungedhani ni friji fupi. Ndani yake mlikuwa na mrija mwembamba wa chuma uliozungushwa kama nyoka aliyelala, umejazwa punje nyeupe, na ndani ya mrija huo heliamu inapita bila kusimama. Unachoma sindano yenye gesi yako mlangoni, heliamu inaibeba, na zile punje zinaishika kila gesi kwa nguvu tofauti. Oksijeni inaponyoka mapema, nitrojeni inachelewa kidogo, methani nyuma yake. Mwisho wa mrija kuna waya uliopashwa moto. Gesi ngeni ikipita, joto la waya linabadilika, na kalamu juu ya karatasi inayotembea inachora kilima. Kila gesi kilima chake. Ili kujua kiasi, tulikata vile vilima kwa mkasi na kuvipima uzito kwenye mizani, karatasi kwa karatasi. Somo la kwanza alilonipa dada Saada lilikuwa kwamba waya ule ukiwashwa bila heliamu kupita, unaungua, na hakuna mwingine karibu zaidi ya Ulaya. Alinitajia hilo kila siku kwa mwezi mzima, kwa sauti ileile, mpaka nikawa nalisema mwenyewe nikilala.

Mchana tulikula pamoja mlangoni, tukiwa tumeweka viti mahali kivuli kilipofika. Mimi nilileta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, yeye alileta chapati zilizofungwa kwenye taulo. Aliipenda michembe kuliko mimi. Upande wa pili wa ukuta ndiko ilikokuwa ofisi ya wakubwa wa mradi, na dari ilikuwa moja, kwa hiyo kila walichosema tulikisikia. Siku moja tukiwa tunatafuna tulimsikia mmoja wao akisema kwamba jiko likiwaka linawaka, mpishi hahitaji vilima vya kalamu, na mtungi wa heliamu uliopo ukiisha wasiagize mwingine. Wanawake wale wawili wapelekwe kwenye uhasibu. Mwenzake alicheka. Nilimtazama dada Saada. Alikunja taulo lake, akasimama, akaenda kusoma geji ya mtungi, akarudi akaniambia tuanze kubana matumizi. Hasira yake niliiona siku nyingine tu, nayo nitaifikia.

Habari ya kisima ilitufikia kiangazi, wakati mabwawa yote yamebaki tope. Katika kijiji kimoja upande wa Migato watu walikuwa wanachimba kisima kwa mikono, wakimtumia fundi aliyeitwa Jilala, mtu wa makamo aliyechimba visima vingi pande zile. Asubuhi moja mwanakijiji aliyemsaidia, Mabula, alitangulia kazini, akashuka kabla ya fundi kufika. Jilala alipofika alimkuta amelala chini. Binamu yake Mabula akashika kamba akamfuata, huku Jilala anampigia kelele asishuke, naye akaangukia juu ya mwenzake. Jilala hakushuka. Walipowatoa kwa ndoana, wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Watu wakateremsha koroboi, ikazimika. Kwenye mfuko wa Jilala wakakuta kopo la dawa ya pamba, ile sumu ya kuulia wadudu. Yeye alisema analitumia kubebea mafuta ya taa, lakini wiki iliyotangulia Mabula alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba amechagua mahali pabaya na kwamba fundi mwingine atafutwe. Kwa hiyo mambo yakaunganishwa: aliweka sumu, na ndiyo maana hakushuka. Sungusungu walimfungia kwenye ghala la pamba la kijiji. Mhandisi wa maji wa wilaya, aliyekuwa ametuma sampuli ya tope la kisimani Mwanza na kuambiwa majibu yatachukua muda, alikuja kutuuliza kama jisii yetu inaweza kupima hewa yoyote, au ya samadi tu.

Dada Saada alimjibu kwamba hewa ni hewa. Mhandisi alipoondoka, akaniomba nisome geji. Mshale ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Nilimwambia kwamba heliamu ikiisha katikati ya kipimo, waya utaungua, na wale wa upande wa pili watapata sababu yao. Alisema, "Najua, Kabula. Kwa hiyo hatutapima mara mbili kitu cha kupimwa mara moja."

Tulikwenda na pikapu ya mradi. Mimi nilikuwa nimewaza kuchukua hewa kwa kibofu cha mpira wa miguu, nikajiona mjanja, lakini dada Saada alinieleza kwamba baadhi ya gesi hupenya kwenye mpira kabla hujafika nyumbani, ukabaki unapima kitu kingine. Tulibeba chupa za dripu za kioo na bomba refu la plastiki. Kwa kuvutia hewa alichukua pampu ya baiskeli, akaifungua, akaigeuza ile ngozi ya ndani, na pampu ikawa inavuta badala ya kusukuma. Kisima kilikuwa pembeni ya shamba lililovunwa, udongo mweusi umerundikwa kukizunguka. Watu walisimama mbali. Kaka yake Mabula, aliyeitwa Maduhu, ndiye pekee aliyesogea, mtu mpana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akaitikia bila kunitazama. Tuliteremsha bomba mpaka mahali walipokuwa wamelala wale watu, nikavuta pampu mpaka mkono ukafa ganzi, hewa ya mwanzo tukaimwaga, iliyofuata tukaifunga kwenye chupa. Nyuma yangu nilisikia wanawake wawili wakisemezana kwa Kisukuma, mmoja anauliza hawa mabinti wa mjini wanapampu nini, mwingine anajibu kwamba wameletwa na ndugu zake Jilala. Nilitaka kugeuka. Dada Saada, ambaye Kisukuma chake kilikuwa cha dukani lakini kilitosha, alinigusa bega niendelee.

Kesho yake asubuhi tuliiwasha jisii, tukasubiri kalamu itulie. Nilichoma kwanza hewa ya nje, ya pale mlangoni petu, ili tuwe na cha kulinganishia. Vilima viwili vikaja, oksijeni na nitrojeni, kama nilivyovizoea. Kisha nikachoma hewa ya kisima, sindano ileile, kiasi kilekile. Kilima cha nitrojeni kilisimama palepale. Kilima cha oksijeni kilikuja kimenyauka, theluthi ya kile cha kwanza. Nilishangaa, nikafurahi, nikaanza kukata karatasi. Niliweka vipande kwenye mizani, nikajumlisha, na jumla haikutimia. Sehemu zaidi ya moja ya kumi ya kile nilichokichoma haikuonekana popote. Nikajumlisha tena. Nilidhani sindano inavuja, nikamwomba dada Saada ruhusa ya kurudia, akakataa. Alisimama karibu yangu akiwa ameshika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto kifuani.

"Sindano ni nzima. Niambie, ni gesi gani inayoingia kwenye huu mrija na haitoki?"

Nilikaa. Nilisikia jinari ikiunguruma, na mtu akipiga simu upande wa pili wa ukuta. Nilifikiri juu ya zile punje nyeupe, jinsi tunavyozikausha kwa moto kila baada ya muda kwa sababu zinameza unyevu, na kwamba si unyevu peke yake unaomezwa. Tulipopima gesi ya samadi tulikuwa tunabadilisha mrija, tunaweka ule wa pili, kwa sababu wa kwanza unaila hewa ukaa yote, hauachi hata harufu. Nikasema, "Hewa ukaa." Hakunisifu. Alikwenda kabatini akaleta mrija wa pili, akanikabidhi spana, akarudi kusimama mahali pake. Nilifunga mrija, nikakagua kwa povu la sabuni kama unavuja, nikachoma chupa ya mwisho. Kwenye mrija huo oksijeni na nitrojeni hutoka zimeshikana, kilima kimoja kikubwa, ukapita muda, halafu kalamu ikaanza kupanda peke yake, taratibu, ikachora kilima cha pili mahali ambapo hewa ya nje haionyeshi kitu cha kuonekana kwa macho. Nilikikata, nikakipima. Nilipokijumlisha na vile vingine, mia ikatimia.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimeongoza maabara yenye mashine zinazojumlisha zenyewe, na vijana ambao hawajawahi kushika mkasi kazini. Nimepewa vyeti, nimepigiwa makofi kwenye kumbi zenye viyoyozi. Hakuna siku iliyoifikia ile. Sikuwa nimeambiwa jibu. Nilikuwa nimeona pengo, na pengo lile lilikuwa na jina, na jina nililitaja mimi. Dada Saada aliandika matokeo kwa mwandiko wake uliolala, akasaini, kisha akanisogezea karatasi na kuniambia nisaini chini yake.

Tulirudi kijijini siku hiyohiyo na yule mhandisi. Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano kwenye uwanja wa ghala, na Jilala akatolewa akakalishwa chini, midomo imepasuka kwa kiu. Dada Saada aliniambia nieleze mimi, kwa Kisukuma, kwa sababu jambo la kifo watu hulisikia vizuri kwa lugha waliyoamkia. Nilieleza kwamba udongo ule unatoa hewa nzito, inajikusanya chini ya kisima kama maji yasiyoonekana, na inapojaa inaisukuma ile hewa ya uhai. Wakati wa kazi, ndoo zikipanda na kushuka, hewa inachanganyika. Kukikaa kimya usiku kucha, inatulia. Mabula alishuka ndani yake asubuhi kabla haijatikiswa. Watu walisikiliza. Kisha Maduhu akasimama akauliza kama mashine yetu ilitafuta dawa ya pamba.

Hapo ndipo tungeweza kuharibu. Yule mhandisi alinong'ona kwamba tuseme ndiyo, yaishe, mtu aachiwe. Hiyo ndiyo siku niliyoiona hasira ya dada Saada. Alimgeukia mhandisi akamtazama mpaka akarudi nyuma, halafu akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, polepole, kila mtu akasikia. "Haikutafuta. Mashine hii haiioni dawa ya pamba. Ninachosema ni kwamba hewa niliyoipima inaua mtu bila kusaidiwa na kitu kingine."

Minong'ono ikazuka, mingine mibaya. Kati yake alisimama mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi, na watu wakampisha bila kuambiwa. Alikuwa Nkwimba, mjane wa Mabula. Hakuuliza juu ya sumu. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mume wake aliita na hakusikiwa. Sikutegemea swali hilo na hakuna chuo kilichonifundisha kulijibu. Nilimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, kwenye hewa ile miguu inakwisha nguvu kwanza, na akili inafuata upesi. Siamini kama alipata muda wa kuita." Aliitikia kwa kichwa, akakaa. Sijui kama nilimpa faraja au nilimpa ukweli tu. Yeye alivipokea vyote kwa namna moja.

Baada yake ndipo Jilala alipozungumza. Alisema kwamba aliona watu wawili wameanguka bila kupigwa, akajua wa tatu ataanguka, na aliona haya kubaki hai kila siku tangu pale. Akasema, kama aliweka sumu, basi bado imo, maana hakuna aliyekitapisha kile kisima. Wale mabinti watoe hiyo hewa mbaya peke yake, wasiguse tope, na yeye atashushwa, atakaa chini, atakunywa maji ya kwanza yatakayojitokeza. Mwenyekiti alimtazama Maduhu, na Maduhu akakubali.

Jinari ilituazima feni kubwa ya kupulizia. Baba yake dada Saada alitoa turubai dukani, fundi cherehani wa barazani kwake akalishona kuwa bomba refu pana kama gunia, na hata wale wakubwa wa mradi walitupa jenereta, mmoja akajipakia kwenye pikapu aje kutazama. Feni ilivuma mchana kutwa ikisukuma hewa ya nje mpaka chini. Tulivuta chupa mpya, tukamwacha dereva analinda jenereta, tukarudi mjini kwa gari la mhandisi. Heliamu ilikuwa imebaki pumzi. Dada Saada alikaa na kidole kwenye swichi ya waya, macho kwenye geji, na mimi nikachoma. Mrija wa kwanza: oksijeni ikasimama, nikaiweka juu ya kilima cha hewa ya nje kwenye mwanga wa dirisha, karatasi juu ya karatasi, vikalingana. Mrija wa pili: pale mahali kalamu ilipopanda safari ile, ikapita karibu tambarare. Alizima waya kabla heliamu haijakatika. Mtungi mwingine haukuagizwa mpaka mwaka ule ulipoisha, na aliyeuagiza ni yuleyule mkubwa aliyecheka upande wa pili wa ukuta.

Asubuhi tuliporudi kijijini feni ilikuwa bado inavuma. Watu walikuja mpaka wa vijiji vya jirani. Jilala alifungwa kamba kiunoni na kifuani, na ikabaki nani aishike. Vijana walitazamana. Maduhu alivua koti lake, akalitandika chini, akazungusha kamba mgongoni mwake na kukanyaga udongo kwa visigino. Mimi nilisimama karibu na mdomo wa kisima nikiwa na karatasi yangu mkononi, na nilielewa kitu ambacho hakikuwahi kuniingia nikiwa nafagia nyuzi za pamba: kwamba mtu huyu anashuka juu ya namba yangu. Kama nilikosea kukata, kama nilisoma kilima vibaya, atafia pale mbele ya watu wote. Nilijumlisha tena kichwani. Ilitimia. Nikamtazama dada Saada, naye akaniambia kwamba nitoe ruhusa mimi. Nikainua mkono.

Kamba ilipita mikononi mwa Maduhu taratibu. Kichwa cha Jilala kilipotea, ikasikika miguu yake ikikwaruza ukuta, halafu haikusikika. Kamba ililegea. Nkwimba alikuwa amefika ukingoni, nami sikuwa nimemwona akija. Maduhu aliinama mbele, shingo imetoka mishipa, akamwita Jilala kwa jina lake, mara moja tu.

Kutoka chini ikaja sauti ya mtu mwenye kazi, ya kukereka kidogo, kama ya fundi yeyote anayesubirishwa.

"Maji yapo. Leteni ndoo."